Amina Alipokataa Kumjibu Daktari

Mjukuu wangu Zaina, uliyenipa ubibi wa kiukoo shule ndiyo kwanza nimemaliza,

Huku Mpale hatujambo, mahindi yamebeba. Unauliza kama daktari wa Korogwe anaweza kumtibu mtu kwa redio ya zahanati yetu. Anaweza, akijibiwa. Mwaka jana dada yangu Amina, akiwa mjamzito, alitokwa damu. Daktari akamuuliza maswali redioni. Amina kimya, kwani baba mkwe wake alikuwa amekaa nje dirishani, anasikia yote.

“Sema, mama!” nesi akamsihi.

Niliwaza: sauti ya daktari imevuka milima, ya Amina imeshindwa kuvuka aibu. Nikaazima kinu kwa jirani, nikatwanga kando ya mzee.

“Binti, unatwanga kinu kitupu?”

“Shikamoo, baba,” nikajibu, nikazidi kutwanga.

Ndani, Amina akaanza kumweleza daktari. Anakusalimu sana, yeye na mwanawe.

Bibi yako,
Hadija