Rukia Asikandwe Tumbo

Tanga, 14 Mei 1954

Kwa dada yangu Mwajuma, Mbwera,

Shikamoo dada. Mimi ni mzima wa mwili. Naomba barua hii ikukute mguu umepungua kuuma, na mpunga umesalimika na viboko. Kazi yangu bado ni ile ile, kufua mashuka ya hospitali.

Barua yako nimeipata. Unasema mwanangu Rukia ameanza kama marehemu mama yake, Zainabu: ghafla moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, kichwa kinamgonga, uso unampauka. Na kwamba fundi wa pepo amekwisha kuitwa, ngoma itapigwa mwezi ukiandama. 

Zainabu alikuwa akiukamata mkono wangu, akauweka kifuani pake. "Hebu sikia, mume wangu. Kuna mtu anatwanga humu." Nami nikimtania, "Mwambie asiache, tupate wali." Akicheka, na huku jasho linamtiririka.

Ile ngoma yake ulikuwapo. Fundi alimlaza akamkanda tumbo kwa mafuta, ili pepo apande kichwani aseme jina lake. Kila akikanda, moyo ulizidi kumwenda mbio, na watu wakishangilia, "Huyo anapanda! Kaza mkono, mama!" Zainabu akasema, "Niacheni, nakufa." Fundi akamjibu, "Asemaye si wewe." Hakusema tena.

Juzi nilimweleza daktari mmoja wa hapa. Akaniambia kwamba juu ya figo kuna vitezi viwili. Ukikutana na mamba, ndivyo vinavyomwaga maji ya hofu katika damu, moyo uende mbio, mishipa ijikaze, upate nguvu za kukimbia. Mamba akiondoka, vinatulia. Lakini wako watu ambao tezi yao imeota uvimbe, inamwaga tu pasipo mamba, na damu inasukuma kwa nguvu mpaka moyo unashindwa. Uvimbe huo ukibonyezwa tumboni, humwaga zaidi. Na mtoto huweza kuurithi.

Hakusema ndio uliomwua Zainabu. Alisema huenda, kwa kuwa hakumpima. Hiyo "huenda" ndiyo ninayolala nayo. Huenda tulikuwa tukimkamua kifo kwa mikono yetu, na vigelegele juu.

Basi nakuomba, Rukia asikandwe tumbo, wala asipigiwe ngoma. Mpeleke Utete kwa mtumbwi, wamfunge mkononi kile kitambaa cha kupimia nguvu ya damu, na uwaeleze habari ya mama yake. Fundi akinuna, mwambie baba mtu amekataa. Mimi nimeomba ruhusa, nimeambiwa nisubiri mwisho wa mwezi. Barua nampa mtu anayekuja Kibiti kwa lori, maana posta itachelewa.

Nisalimie shemeji, mumeo, na jirani yetu msuka mikeka. Nisalimie sana mama mkwe wangu. Yeye ndiye aliyemshika Zainabu kichwa siku ile, kwa hiyo usimsomee habari ya tumbo. Mwambie tu nimekataa, anikasirikie mimi.

Mkimsomea Zainabu dua, mnikumbuke na mimi.

Nduguyo,
Athumani