Hukudandia Lori, Hamisi

Hamisi mdogo wangu,

Wamemwongezea mkataba Wandera. Miaka mitatu. Naanza na hilo bila salamu kwa sababu nikianza na salamu nitalia, na leo sitaki kulia, nataka kugomba. Wewe ndiye uliyekuwa ukigombana nami kuhusu mpira mpaka mkeo anatoka nje. Hawa waliobaki wananiambia tu, "Taratibu, Dada Zaituni, taratibu."

Ilitangazwa uwanjani, baada ya kuwafunga Jinja hapa nyumbani Mbale mabao mawili kwa moja. Mwenyekiti wa klabu siku hizi ni meja. Yule wa zamani alikimbilia Kenya na suti moja. Meja akashika kipaza sauti akasema meneja atabaki miaka mitatu mingine na kwamba hiyo ni amri. Tangu lini mkataba wa mpira ukawa amri? Lakini watu waliruka, Hamisi. Walikumbatiana. Walimbeba Wandera mabegani wakamzungusha uwanja mzima, na mmoja wao kiatu kilimtoka akaendelea kuruka na mguu mtupu. Kisha ikatangazwa kwamba kila shabiki atapata nusu kilo ya sukari, wakaruka upya. Sikuweza kujua kelele ipi ilikuwa ya meneja na ipi ya sukari.

Mimi nilibaki nimekaa. Jirani yangu kwenye benchi, muuza ndizi, akanivuta mkono: "Wakili, simama basi, watu wanatuona." Jina ulilonibandika kwa utani limeganda. Mji mzima sasa unaniita Wakili, na wewe uliyelitunga hupo kucheka.

Nikamjibu, "Nisimamie nini?"

"Tumeshinda, mama!"

Kushinda tumeshinda. Wandera anajua mpira, sijawahi kukataa hilo. Aliikuta timu ikishika mkia, na leo hata watoto wa mtaa wa Nkoma wanaojifunza kuhesabu wanaweza kukutajia nafasi yetu kwenye ligi. Angekuwa meneja mbovu ningelala usingizi mzuri, kwa sababu mji ungekuwa umekwisha kumtupa, na mimi ningeona haki imetendeka japo kwa sababu isiyo yake. Shida yangu ni kwamba anashinda. Mtu akishinda hapa kwetu, yote aliyoyafanya yanafutwa.

Basi ngoja nikuandikie yale wasiyotaka kuyasema, ingawa mwanzo wake uliusikia kwa masikio yako mwenyewe. Aliyenisimulia ni Masaba, rafiki yako fundi wa magari, ambaye siku ile alikaa ubavuni mwako nyuma ya lori la klabu.

Mlikuwa mnatoka Jinja mwaka jana, mmeshinda kwao. Wandera na dereva mbele, wachezaji na mashabiki nyuma, na wewe na ngoma yako, mkiwaimbia watu wa Jinja wakanywe maji ya mto wapoe. Kwenye kizuizi kabla ya Iganga askari wakawasimamisha. Mmoja alikuwa ametoka uwanjani uleule, alikuwa shabiki wa Jinja, timu yake imefungwa naye amelewa. Akauliza, "Nani napiga ngoma hapa?" Ukasema, "Ni mimi, afande." Ungekaa kimya wangewapiga wote, na wewe ulilijua hilo. Wakakushusha. Halafu askari akaenda kwenye dirisha la mbele akamuuliza Wandera, "Hii iko mutu yako?"

Na Wandera, aliyekula pilau nyumbani kwetu Idi mbili mfululizo, aliyekuwa akikuita "nahodha wangu wa nje," akasema: "Hapana, afande. Simjui. Amedandia tu njiani."

Lori likaondoka.

Watu wananiuliza, "Ulitaka aseme nini, Wakili? Wangechukuliwa wote, wachezaji na wote." Wananiuliza kana kwamba sijawahi kuona bunduki. Nimeiona. Askari wamepita dukani kwangu wakachukua majora matatu ya kitambaa na nikasema asante, afande. Najua ulimi unavyokauka. Kwa hiyo neno la pale kizuizini nimeshalisamehe, na nilisamehe mapema kuliko wanavyodhani. Simdai mtu ushujaa.

Ninachomdai ni kuanzia pale kizuizini hadi Mbale. Iganga walikwisha kuipita, Hamisi, hakukuwa na bunduki dirishani tena. Walifika hapa salama. Wandera alishukia kwake Nabuyonga, akafungua mlango, akalala. Nyumba yangu anaijua. Hakuja. Hakutuma mtu. Asubuhi hakuja. Mimi na mkeo tulikaa tukidhani umelala kwa shangazi Jinja kama ulivyozoea, tena nikakutukana kwamba umeshinda mechi moja umesahau kazi. Masaba alikuja siku ya tatu akanieleza, na ndipo nikapanda basi.

Kwenye kambi ya jeshi ya Jinja, getini, walisema hawana mtu huyo. Nikaenda hospitali. Mhudumu wa chumba cha maiti, mzee mpole, akanipeleka moja kwa moja ulipolazwa, kisha akaniambia jambo ambalo sijalisema kwa mtu isipokuwa Masaba: uliletwa pale ukiwa hai. Ulikaa wodini siku nzima na usiku. Hakuna aliyekuja kukuulizia, wakakuandika mtu asiyejulikana. Siku hiyo nzima mimi nilikuwa Mbale nakunja vitambaa.

Sasa unaona kwa nini sikusimama kushangilia?

Nilikuleta nyumbani kwenye gari la Mkenya mmoja mpeleka saruji. Alikataa nauli yangu. Njia nzima aliomba kwa njia ya dini yake, kwa sauti, na mimi kwa njia ya yetu, na vizuizi vyote akavipita akisema, "Nina maiti na dada yake, bwana." Mgeni yule, hata jina lako hakuwa akilijua, alisema wewe ni wa mtu.

Nirudi kwenye mkataba. Unajua mji huu una namna yake ya kumfukuza meneja, na namna hiyo uliianzisha wewe. Siku ya mechi mashabiki wanakusanyika kwenye lango lake na kumsindikiza kwa miguu hadi uwanjani, ngoma mbele. Wakimchoka, hawaendi. Anatoka na mfuko wake wa mipira, anakuta barabara tupu, anakatiza mji peke yake, na wenye maduka wanamtazama. Wawili waliomtangulia Wandera walijiuzulu baada ya matembezi ya namna hiyo. Hakuna aliyerusha jiwe, hakuna aliyeandika bango. Katika nchi ambayo huruhusiwi kumchagua hata mwenyekiti wa soko, ile barabara ndiyo kura pekee tuliyobaki nayo. Nani atakukamata kwa kosa la kukaa kwako?

Kwa hiyo wiki nzima kabla ya mechi iliyofuata nilizunguka. Nilikwenda kwa wachuuzi, nikapanda mlima mpaka Wanale kwa wale vijana wako wa kahawa. Kiswahili chetu cha nyumbani, cha baba, siku hizi kinawatisha watu, kwa kuwa ndicho wanachosema askari. Nikikisema sokoni kwa sauti, mwenye chumvi anaificha. Nikasema hivyohivyo. Niliwaambia msimfanye chochote. Mwacheni atembee peke yake mara moja tu, ajue kwamba tunajua.

Wengine walinisikiliza wakitazama chini. Wengine walinicheka. Mshona viatu wa karibu na msikiti akaniambia, "Wakili, tukikaa nyumbani, sukari utatugawia wewe?" Kijana mmoja wa Wanale alikuwa mkweli kuliko wote. Akasema, "Mama, mimi nilikuwa ndani ya lori lile. Nikimwacha yeye atembee peke yake, mimi nitatembea na nani?"

Swali hilo nilishuka nalo mlimani. Nimelifikiria tangu siku hiyo. Watu thelathini na kitu walikuwa ndani ya lori, wakashuka Mbale, wakaenda kwao. Ndiyo maana wanampenda kiasi hiki. Wakimwona yeye hana kosa, basi na wao hawana. Wamemwongezea mkataba na kujiongezea wenyewe.

Siku yenyewe nilikwenda mapema langoni kwake nikitarajia watu wachache. Nilikuta umati ambao hata enzi zako haukuwahi kufika. Ngoma mpya, kanunua meja. Anayeipiga ni Masaba. Ndiyo, Masaba. Aliponiona aliinamisha kichwa akaendelea kupiga. Gari la meja lilisimama pembeni, kioo chini, naye ndani anakula karanga.

"Wakili naye kaja!" mtu akapiga kelele. "Leo anasindikiza!"

"Mpeni sukari mbili!"

Wandera akatoka na mfuko wake wa mipira. Watu wakapiga vigelegele. Nikasogea mpaka mbele yake, nikasimama, na kwa kuwa mimi ni mnene kidogo siku hizi ilibidi asimame pia. Sikumtukana. Nilikuwa nimeandaa hotuba, Hamisi, yenye mambo mengi ya vitabuni, na yote ilinitoka kichwani. Nikamuuliza tu: "Meneja, Hamisi alikuwa mtu wako?"

Uso wake ulilegea. Akanishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini, na nadhani alimaanisha: "Dada Zaituni, unajua nilivyompenda Hamisi. Tumekula sahani moja."

Walio karibu wakasikia, wakaitikia, "Kweli, kweli." Nami, niseme ukweli, mkono wangu haukutaka kutoka mkononi mwake. Kwa pumzi moja nilidhani yamekwisha.

Ndipo meja akatoa kichwa dirishani. "Hamisi? Hamisi nani huyo?"

Wandera akauachia mkono wangu kama sufuria ya moto. "Hakuna, afande. Mtu wa sokoni tu. Alikuwa akidandia lori letu."

Kwa mdomo wake. Nyumbani kwake, mchana, akiwa na miaka mitatu ya kazi mfukoni na mji mzima nyuma yake. Hakuwa na bunduki shingoni. Alikuwa na mtu anayekula karanga.

Meja akaniuliza, "Na wewe nani?"

"Dada wa mtu wa sokoni," nikasema.

Akacheka, akarudisha kichwa ndani.

Lakini ngoma ilikuwa imenyamaza. Masaba aliishusha begani, akaiweka chini katikati ya barabara, mbele ya miguu ya Wandera, akapenya katikati ya watu akaelekea gereji kwake. Yule kijana wa Wanale akamfuata. Wakatoka wengine, si wengi, mmoja hapa, wawili kule, kama watu waliokumbuka wameacha kitu jikoni.

Ungekuwa wewe unaandika barua hii ungesema umati wote uliondoka. Ulikuwa mwongo mzuri wa mpira. Mimi nitakuambia ilivyokuwa: wengi walimsindikiza. Waliizunguka ile ngoma kwa uangalifu, hakuna aliyetaka kuigusa, wakaenda naye. Walijaribu wimbo, ukafika daraja la mto Nabuyonga ukafa. Kutoka hapo walitembea kimya kama watu wanaotoka kuzika, mpaka uwanjani. Na timu ikashinda tatu bila! Nilisikia magoli yote nikiwa nimeketi dukani. Laiti ungejua nilivyoyachukia, na bao la tatu lilivyoniinua kwenye kiti kabla sijajikumbuka.

Sijashinda. Nakuambia wewe kwa kuwa nikiwaambia wao watafurahi. Mkataba uko palepale, sukari imekwisha kunywewa. Mkeo ananiomba niache. Anasema ana watoto wa kulea na hataki kwenda Jinja kunitafuta mimi. Ana haki kabisa. Usiku naapa nitaacha, asubuhi nikipiga chai bila wewe hasira inarudi ilivyo.

Masaba amekuja jana. Ameniletea ngoma ile. Anasema ilikaa barabarani mpaka jioni na magari yakiikwepa, akashindwa kuiacha inyeshewe. Hataipiga tena kwa Wandera. Ameiacha pembeni mwa mlango wangu, akanywa chai, akalia kidogo, akaondoka. Siku tatu zile atazibeba mwenyewe, na mimi sina nguvu ya kumsaidia kuzibeba wala ya kumwongezea uzito.

Basi pumzika, mdogo wangu, mwana wa mama yangu. Aliyekuumba anakujua kwa jina, kwa hiyo usihofu mtu akikuuliza huko wewe ni wa nani.

Huku niachie mimi. Jumamosi timu inacheza tena nyumbani. Nitakuwa langoni kwa Wandera, peke yangu au na watu, na nitamuuliza lilelile mbele ya meja. Akisema hakujui, nitarudi mechi inayofuata, na ile inayofuata, mpaka miaka yao mitatu iishe au mimi niishe. Na siku akisema, "Ndiyo, afande, alikuwa mtu wangu," nakuahidi, Hamisi, nitaibeba ngoma hii mwenyewe, mwanamke mtu mzima, nitangulie mbele yake, nimsindikize mpaka uwanjani nikiipiga.

Dada yako,
Zaituni