Bibi Umeme Bado Ananing'inia

Mpendwa kaka Salehe,

Kesho asubuhi madaktari wanapunguza ile dawa ya kukulaza, tuone kama utaamka. Wifi Rehema amenieleza leo kwa simu, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, maana akilegeza kidogo tu atalia na mimi nitamfuata. Wewe uko Morogoro, umelazwa na mipira puani tangu bodaboda ikutupe mtaroni. Mimi niko huku Edmonton, kwa Waingereza, maombi yangu ya viza yako ofisi ya uhamiaji Croydon, na nikitoka nje ya nchi kabla hayajajibiwa ni kama nimeyatupa. Hasira niliyo nayo sijui niipeleke wapi. Basi nakuandikia, waziwazi, mbele ya watu, na wifi atakusomea.

Unalikumbuka gazeti letu la katuni? Shangazi Zuhura alilileta kutoka nyumba aliyokuwa akifanya kazi, yule mzungu wa kujitolea alipofunga mizigo akarudi kwao. Tulidhani ni hadithi moja, kumbe ni nne, kila moja na shujaa wake, na kila moja inakatwa pale pale roho inapokuja mkononi. Hatukuwa na toleo lililotangulia wala lililofuata. Tulikuwa na katikati tu, na tuliisoma hiyo katikati mpaka jalada likabanduka.

Wa kwetu alikuwa yule mama wa vazi la kijani anayerusha cheche vidoleni. Jina lake la Kiingereza lilikushinda, ukambatiza Bibi Umeme. Umeme ukikatika mtaani ulikuwa unatangaza, "Ameitwa vitani, tulieni," na baba, aliyekuwa hacheki ovyo, alicheka. Sheria zote zilikuwa zako. Wewe msomaji, mimi wa milio. Ngumi ikitua nasema "Puu!", kioo kikivunjika nasema "Chakacha!", na ukurasa haugeuzwi mpaka kidole changu na chako viwe juu yake. Kiingereza chako kilikuwa cha shule ya msingi, na siku hizi nashuku kwamba nusu ya maneno uliyatunga mwenyewe. Lakini nani alikuuliza?

Picha ya mwisho naiona hata nikifumba macho. Bibi Umeme ananing'inia mnarani kwa mkono mmoja, cheche zimemwishia, chini maji yanapanda, na yule mwanamume wa kinyago cha bati ameinua kiatu juu ya vidole vyake. Kisha neno moja pembeni, ambalo uliniambia maana yake ni "Itaendelea". Nilikuchukia kwa neno lile, utadhani uliliandika wewe.

Halafu nikaugua malaria. Vile vidonge vichungu nilivitema mpaka ukutani. Mama alibembeleza, akafoka, mwisho akakaa chini akashika kichwa. Wewe ukaja na gazeti, ukanisomea hadithi niliyokwisha kuijua yote, ila safari hii ukaongeza yako. Kiatu kimeshuka. Kidole kimoja kimeachia. Cha pili kinateleza... Ukalifunga gazeti.

"Meza, nikwambie."

Nililia, nikakutukana, nikameza. Kesho yake ukanifanyia vilevile, ukaniacha pabaya zaidi. Mama alisema nimeponywa na dawa, lakini mimi najua nilipona kwa hamu ya kujua.

Ndiyo maana nilipoliona toleo linalofuata kwenye duka la mitumba la hisani kule Harrow, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa gundi, nilipiga kelele, "Yarabi!" Yule mama wa Kihindi wa kaunta, kumbe mzaliwa wa Kisumu, akaniuliza kwa Kiswahili, "Vipi, mama, umeona nyoka?" Nikakupigia pale pale mlangoni, watu wanapita wananisukuma.

"Usifungue!" ulinikaripia kama mtoto. "Ole wako uchungulie, Mwana. Vidole viwili. Uje nalo nyumbani."

Nikakuapia. Likakaa kabatini kwangu, limefungwa vilevile, nikisubiri viza tu nipande ndege. Kabla viza haijajibiwa, wewe ukaanguka.

Aliyenitoa kwenye ubishi na nafsi yangu, nifungue nisifungue, ni Wanjiku, Mkenya ninayefanya naye kazi ya kutunza wazee. "Aki Mwanaidi, si umsomee tu?" aliniambia. "Kwa training si tulifunzwa mgonjwa anaweza kuwa anasikia? Call them wakati wa visiting, mimi nitacover rooms zako."

Kwa hiyo leo mchana nimekaa kwenye chumba chetu cha kupumzikia, gazeti mapajani, simu mbele yangu, na wifi ameiweka yake sikioni mwako. Nikamwomba akishike kidole chako akiweke juu ya simu. Akasema, "Tayari, wifi, kipo." Nikaweka changu kwenye jalada, nikachana plastiki. Kiapo sikukivunja, kaka, ulikuwepo.

Nilianza na hadithi ya kwanza, ya yule mwenye mbawa, kwa kuwa wewe hukukubali kamwe turuke hadithi. Kwenye milio nilikwama, maana nilikuwa msomaji. Nikamwomba wifi. "Mbele ya wagonjwa wa watu?" akasema. Kisha nikamsikia, kwa sauti ndogo kabisa, mkeo mwenye heshima zake zote: "Puu." Akasema nesi amemtolea macho.

Nikageuza. Hadithi ya pili, ya tatu, ya nne, nikageuza hadi matangazo ya nyuma. Bibi Umeme hayumo. Mahali pake wamemweka mwanamume wa koti refu na mbwa wake, hata neno la kuomba radhi hakuna. Miaka yote hii tumemwacha mwanamke ananing'inia, na waliomwacha pale wameenda zao! Nilitaka kulirusha gazeti dirishani. Kwenye simu nilisikia ile mashine yako tu, ti, ti, ti.

"Wifi, upo?" akauliza Rehema. "Soma, anasubiri."

Basi nikakusomea ukurasa usiokuwepo. Kiatu kimeshuka. Kidole cha mwisho kimeachia. Bibi Umeme anaanguka, anapita dirisha moja baada ya jingine, na dirisha la chini kabisa, pale maji yalipofika, linafunguka. Mkono unatoka. Unamdaka. Anauangalia ule mkono, anaufahamu ni wa nani, na kwa mara ya kwanza machozi yanamtoka.

Nikalifunga gazeti.

Wifi alinong'ona, "Wa nani?" Nikamwambia sitamwambia hata yeye.

Naogopa, kaka. Naogopa simu ya kesho kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote. Wakipunguza hiyo dawa koo litakuwasha, kichwa kitakuwa kizito, na utaona heri uendelee kulala. Usilale. Sitaki salamu wala shukrani, nataka uniulize swali moja tu, kwa sauti yoyote itakayotoka. Jibu ninalo mimi, na nimekuacha pabaya makusudi.

Amka, nikwambie.

Mdogo wako,
yule wa milio