Kizibo cha Gari la Majini

Lodwar, Mei 1996

Baba Cherono,

Ejok? Sisi tu wazima. Mto Turkwel umejaa, mbuzi wa jirani ametafuna soksi zako, na Cherono ameota jino ambalo hujaliona.

Barua yako nimeisoma. Lile gari kuukuu la magurudumu sita, la nchi kavu na majini, ulilolikuta limetupwa huko Kakuma sasa linanguruma. Umebadilisha minyororo, umeziba nyufa za bodi, na huyo mwanamke, Abuk, amekushonea viti. Abuk amechagua rangi. Abuk ndiye anayekupa spana ukiwa chini ya gari. Mimi ulinikataza hata kuigusa hiyo spana, ukasema grisi itaniharibu mikono. Mikono ya Abuk haiharibiki?

Dereva wa lori aliyeniletea barua anasema Jumapili mkitoka kanisani mnalipeleka ziwani, Longech, mkaone kama litaelea. Anasema pia kiti cha mbele kimeshapata mwenyewe. Hilo wewe hukuandika.

Uliandika tu kwamba nimpe dereva kile kizibo cha mpira cha tundu la chini, ulichokisahau hapa nyumbani. Bila hicho gari litajaa maji lizame, na Abuk wako akiwa ndani.

Nimekitafuta na nimekipata. Nimekifunga kwenye pindo la leso, na leso nimejifunga kiunoni. Lori linarudi na barua hii peke yake. Ukikitaka kizibo chako, njoo ulifungue hilo fundo mwenyewe.

Mkeo, bado,
Jebet