Swali Nililolikimbia Darasani

Kaka Nassor,

Shikamoo. Usipoitikia leo sikulaumu; hata ulipokuwa hai uliitikia macho yako kitabuni.

Tangu tukuzike kule mjini Izki sijatulia. Nakaa, nainuka, nafungua mlango, sijui nilimfungulia nani. Na mudiri wa skuli, Mungu amsamehe, kanipa darasa lako la bayolojia mpaka apatikane mwalimu. Mimi! Mwalimu wa milima na ramani! Ungelicheka mpaka kofia ikuanguke.

Jana nikafungua daftari lako, nikawachorea chembe changa ya ubongo. Ikatoka kama kiazi kilichoota. Nikawaeleza kama ulivyonieleza garini, njia ya Nizwa: mwanzo huchomoza vijikono kadhaa, vyote urefu mmoja. Kila kimoja hunyooka kidogo, hurudi, hunyooka tena. Hujui kipi kitashinda. Mara kimoja hushika mbio, vifaa vya ujenzi vikimiminikia huko, na vyengine huzuiwa. Hicho kirefu ndicho aksoni, cha kupeleka habari mbali. Vifupi hubaki kupokea.

Siku ile ulinigeukia, "Na wewe, Seif, ni kifupi. Kaa upokee."

Nilicheka, maana ni kweli. Posa, misiba, ugomvi wa ami zetu, wewe ndiye uliyeisemea nyumba. Mimi nilimimina kahawa.

Basi kijana mmoja akanyoosha mkono. "Ustadhi, na kile kirefu kikikatwa?"

Kaka... jawabu nilikuwa nalo. Limeandikwa kwa hati yako, chini ya ukurasa. Nikasema chaki imekwisha, na chaki ninayo mkononi, wanaiona! Nikatoka. Hakuna aliyecheka. Bora wangelicheka.

Tangu hapo nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutaga. Mama ananitazama. "Seif, Ijumaa nani atakwenda kuisemea nyumba kwa ami zako?" Namwambia, "Ngoja, Mama, nitazame kahawa." Anasema, "Kahawa haikuulizwa."

Nitakwenda, kaka. Sauti itanitetemeka, na wewe utaona haya kwa niaba yangu, lakini nitakwenda.

Lala salama. Mola akupe nuru huko uliko. Na Jumapili, skuli ikifunguliwa, nakuahidi nitasimama ubaoni mbele ya wanafunzi wako, niwaambie: kile kirefu kikikatwa, chembe changa haifi. Kimoja katika vile vifupi huanza kurefuka.

Mdogo wako,
Seif