Walidhani Umeyafuta

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba haitarudi, lakini wewe ndiye uliyekuwa unatuchapa kwa kusahau salamu, basi ipokee hukohuko uliko.

Ile shughuli ya kuchangia karatasi zako imefanyika, na ilifana. Watu walijaa hapa nyumbani Tumati mpaka wengine wakakaa kwenye uzio wa ng'ombe. Jogoo alinadiwa, aliyemnunua akamrudisha, akanadiwa tena. Wale waliokuwa wanakuambia "Tunakuombea, Mwalimu" ulipohitaji hela ya kupasuliwa, siku hiyo walikuwa na noti, tena mpya. Mgeni rasmi alikuita hazina ya taifa. Hajawahi kukusoma huyo. Alisoma jina lako tu kwenye karatasi, na bado akalikosea. Nikapiga makofi. Ningefanyaje? Tulikuwa tunatafuta hela ya makabati na ya kumalizia kazi ya mtaalamu wa nyaraka, apange na kuorodhesha kila ukurasa wako, ili chumba kifunguliwe pale Mbulu mjini na mtu yeyote aingie asome.

Wewe unajua mimi nilichokuwa nakitaka. Hotuba zako zingeliwa na mchwa nisingelia. Tamthilia nazo, nisamehe, zilikuwa ndefu mno. Nilitaka hadithi za mama. Anapukuchua mahindi, anasimulia kwa Kiiraqw, wewe unaandika na kumkatisha, "Rudia hapo," naye anakujibu, "Mwalimu gani wewe, usiyesikia?" Hakujua kusoma. Ukimaliza alikuwa anakuja kuigusa ile karatasi kwa kidole, anacheka, eti hapo ndipo nilipo mimi? Hakuna simu iliyowahi kuichukua sauti yake. Ilikuwa mle tu.

Ndiyo maana tope liliposhuka kutoka mlimani likaingia Jorodom, ulikokuwa unaishi wakati ule, uliacha redio, ukaacha godoro, ukatoka na sanduku la karatasi zako kichwani. Majirani walidhani umeficha hela. Mama alikuwa ameshatangulia kaburini, na mimi peke yangu nilijua umembeba nani.

Na unakumbuka ulivyonifundisha kuandika lugha yetu? Ile sauti inayotoka chini kabisa kooni, ambayo Kiswahili hakina herufi yake, unaiwekea mkwaju mbele, kile kistari kilichoinama. Ukaniandikia ubaoni: /ameeni, yaani mwanamke. "Usipouweka mkwaju kwenye neno, utaupata mgongoni." Na niliupata, Baba. Niliupata sana tu.

Sasa huyo mtaalamu. Ni mtu mpole, msomi, katoka mkoa mwingine. Siutaji, wenzake hawana kosa. Tulimlipa kwa michango ya mwanzo, akakaa sebuleni kwetu wiki nzima, kavaa glavu. Glavu, Baba! Hata chai alikuwa anaenda kunywea nje asije akakumwagia. Karatasi za Kiswahili akazipanga, akazipa namba, kazi safi. Halafu akafika kwa mama. Akaona mkwaju hapa, mkwaju pale, mstari mzima mikwaju. Akaamua kwamba mwandishi ameyakata maneno yake mwenyewe. Akazitia zote kwenye boksi, akachukua kalamu nyekundu akaandika juu yake: "Rasimu zilizofutwa na mwandishi. Hazihifadhiwi." Hakuuliza mtu. Nyumba imejaa Wairaqw, hata mtoto wa shule angemsomea! Lakini yeye hakutaka kutusumbua, eti tuna msiba.

Asubuhi ya shughuli kuni zilikuwa zimenyeshewa. Shangazi, dada yako huyu huyu uliyekuwa unamtania kwamba anaogopa vitabu kama anavyoogopa nyoka, alikuwa anahangaika na mafiga, akaomba karatasi za kuwashia. Mtaalamu akamwonyesha boksi. "Hizo chukua tu, mama."

Mimi nilikuwa napokea wageni. Nikala pamoja nao. Wali ulikuwa umeiva vizuri, nyama laini, nikaenda kuongeza. Nikamsifia shangazi mbele za watu, naye akafurahi, akasema, "Karatasi za kaka zinawaka jamani, hata moshi hazina. Hadi leo anatusaidia." Nikacheka naye, nikidhani anasema magazeti yako ya zamani.

Nilipopeleka masahani ndipo nikakiona kipande pembeni ya figa, kimeungua kingo zote. Mwandiko wako. Limebaki neno moja tu, lile lile la ubaoni. /ameeni.

Nilipiga ukunga. Wageni wakajua ni uchungu wa kufiwa, wakanishika, wakaniketisha, na mgeni rasmi akaguswa moyo, akaongeza ahadi yake palepale. Kwa kilio changu kabati moja limeongezeka. Makofi yakapigwa tena.

Mtaalamu nilipomwonyesha kile kipande alivua miwani. "Dada, mimi nilidhani ameyafuta." Nikamwambia asante, sasa yamefutika kweli. Alilia. Sikumbembeleza, na hata leo simwonei huruma.

Shangazi sijamwambia. Kuna siku nilitaka, nakuambia ukweli. Nilitaka aumie kama ninavyoumia mimi, nilifika hadi jikoni kwake na mdomo nimeshaufungua. Akaniwahi, akaniuliza kama siku ile wali ulitosha, maana bado ana hofu kuna wageni waliondoka na njaa. Nikamwambia ulitosha.

Makabati yamefika. Mazuri, yana vioo na kufuli. Hotuba zako zimejaa rafu ya juu.

Nakuahidi hivi: hadithi za mama nitaziandika upya. Ile ya mjane na fisi naikumbuka mpaka wanafika mtoni. Walivukaje, sijui, na hayupo wa kumuuliza. Nitaiacha pale pale mtoni. Zitakuwa na matundu, Baba, lakini mkwaju hautakosekana hata mmoja, na atakayekuja kuzipanga nitakaa naye kiti kwa kiti.

Kwaheri, Baba. Pumzika huko. Mama akikuuliza hadithi zake tumezipeleka wapi, usimwambie moto aliuwasha nani. Mwambie tu watu walishiba.

Binti yako.