Fishi ya Furaha

Mujukuu wangu Neema,

Huku Masisi tuko wazima. Mama yako alipanda maharagi, mbuzi ya jirani ikayamaliza. Unaniuliza kama nafurahi kwamba kule mu hospitali yenu munapima damu ya kila mugonjwa, mumupatie dawa inayofaa mwili wake mwenyewe.

Sifurahi. Niko na hasira, na sehemu kubwa ni juu yangu.

Wakati wa vita tulikimbilia kambi ya Kashuga. Bila fishi, ile karatasi ya mugonjwa, hawakukupokea kwa muganga. Basi tukaazimana fishi kama vile watu wanaazimana sufuria. Mudogo wangu Riziki alishikwa na homa. Fishi yake, yenye wino mwekundu kwamba penisilini inamudhuru, ilibakia mu nyumba tuliyokimbia. Nikamupa ya jirani yetu Furaha.

"Wakiita Furaha, itika."

"Dada, niwaambie ile sindano ya penisilini inanidhuru?"

"Nyamaza! Watatufukuza."

Wakaita Furaha, akaitika. Muganga alisoma karatasi, muntu hakumutazama. Akamudunga penisilini. Jua halikuzama Riziki akiwa muzima.

Kisha Furaha akaugua, akaenda na fishi yake. Wakamurudisha: "Mama, wewe ulishakufa, iko hapa mu kitabu."

Pima damu, mutoto wangu, hiyo njo kazi yako. Lakini mbele ya sindano muulize mugonjwa jina lake, na umungojee mpaka woga umutoke.

Mu kitabu chao, Riziki hajakufa mpaka leo.

Koko yako